Zimwi Kizingitini: Historia ya Kaida za Usanifu wa Mabango ya Filamu za Kutisha

1. Utangulizi

Bango la filamu ni matini inayosomwa na watu wengi kuliko wale wanaoitazama filamu yenyewe. Hubandikwa ukutani, mlangoni mwa ukumbi na kando ya barabara, likasomwa na mwenye tiketi na asiye nayo, mtu mzima na mtoto. Licha ya hayo, mhakiki wa fasihi aghalabu hulipita kana kwamba ni ganda la kutupwa baada ya tunda kuliwa. Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils cha mwaka 1987, alionyesha kwamba jalada, anwani na dibaji ni kizingiti ambacho msomaji hukivuka kabla ya kuifikia matini, na kwamba kizingiti hicho huathiri jinsi matini itakavyopokelewa. Hoja yake ilihusu vitabu. Hata hivyo, inalifaa bango la filamu, na hasa bango la filamu ya kutisha, kwa sababu utanzu huu huuza hisia moja mahsusi, yaani hofu, na hofu hiyo huanzia kizingitini.

Makala haya yanachunguza jinsi kaida za usanifu wa mabango hayo zilivyoundwa na kubadilika. Swali linaloongoza uchunguzi ni moja: ni nani mwenye wajibu wa kulionyesha zimwi, bango au filamu? Dai la msingi ni kwamba wajibu huo umekuwa ukihamahama, na kwamba kuhama kwake hufuata mkondo unaoeleweka. Pale ambapo filamu haikuweza au haikuruhusiwa kuonyesha, bango lilionyesha. Filamu ilipopata uwezo na uhuru wa kuonyesha karibu kila kitu, bango lilianza kuficha. Kwa hivyo, bango si mtumishi mtiifu wa filamu. Ni mshindani wake na, mara nyingine, mzazi wake.

Nadharia mbili zinafaa kutajwa mapema. Noël Carroll, katika The Philosophy of Horror (1990), anadai kwamba zimwi ni kiumbe kinachovunja mipaka ya uainishaji, kwa mfano kati ya uhai na mauti au kati ya mtu na mnyama, na kwamba hisia za hadhira katika utanzu huu hufuata hisia za wahusika. Tzvetan Todorov naye, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi ya fantasia, anasisitiza kusitasita: msomaji hajui kama tukio analolisoma lina maelezo ya kawaida au la. Kutokana na mitazamo hii miwili, inawezekana kutofautisha bango la kuonyesha, ambalo huweka zimwi na uso wa anayeliogopa mbele ya mtazamaji, na bango la kusitasita, ambalo humwachia mtazamaji kazi ya kuliumba zimwi akilini mwake.

2. Tatizo la ushahidi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa ikumbukwe kwamba mabango yalichapwa ili yatumike kisha yaharibike. Nchini Marekani bango la kawaida lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41. Lilikunjwa, likatumwa kwa ukumbi, likabandikwa, na baadaye likafunikwa kwa bango jingine au likarudishwa kwa msambazaji. Yaliyobaki ni machache. Uchache huo umeyageuza kuwa mali: bango moja la The Mummy (1932) liliuzwa kwa dola 453,500 katika mnada wa Sotheby's mwaka 1997, na moja la Dracula (1931) likauzwa kwa dola 525,800 mwaka 2017.

Bei hizi zina maana kwa mwanahistoria. Mabango yaliyohifadhiwa vizuri, yakachapwa upya na kujadiliwa, ni yale yaliyopendwa na wakusanyaji wenye fedha. Kwa hivyo, kaida zinazoelezwa hapa ni kaida za mabango mashuhuri, na mashuhuri hayalingani daima na ya kawaida. Angalizo hili halibatilishi uchunguzi, bali linauwekea mipaka.

3. Kutoka Berlin hadi Hollywood

Filamu za kutisha zilikuwapo tangu siku za mwanzo za sinema. Le Manoir du diable ya Georges Méliès ilitengenezwa mwaka 1896. Lakini bango lenye mwelekeo wa pekee wa utanzu huu linaonekana kwa uwazi zaidi nchini Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi wa Februari 1920, mji huo ulitangaziwa amri fupi iliyomtaka mpita njia awe Caligari. Amri hiyo haikueleza Caligari ni nani. Hapa ndipo bango la kusitasita lilipoanza kujitambulisha: halikutoa habari, lilitoa fumbo, tena lilimsemesha mtazamaji moja kwa moja katika nafsi ya pili.

Miaka miwili baadaye, katika Nosferatu (1922) ya F. W. Murnau, kazi ya kusanifu mandhari, maleba na matangazo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Albin Grau, ambaye pia alikuwa mtayarishaji. Matokeo yake ni kwamba mistari iliyopinda na vivuli virefu vya bango ni mistari na vivuli vya filamu yenyewe. Umoja huo wa fani kati ya kizingiti na nyumba ni nadra katika historia inayofuata.

Huko Hollywood kampuni ya Universal ilirithi mengi kutoka Ujerumani, lakini ililikabili swali la zimwi kwa njia zake. Katika kuitangaza The Phantom of the Opera (1925), kampuni ilificha uso wa Lon Chaney mpaka filamu ilipoonyeshwa, ili hadhira ishtuke pamoja na mhusika anayemvua mzuka barakoa. Mwaka 1931, filamu ya Frankenstein ilianza kwa orodha ya waigizaji iliyoweka alama ya kuuliza mahali pa jina la Boris Karloff. Hata hivyo, mabango mengi ya filamu hiyo hayakuficha sana. Chini ya usimamizi wa Karoly Grosz, msanii mwenye asili ya Hungaria aliyeongoza sanaa ya matangazo ya Universal katika miaka ya 1930, uso wa zimwi ulichorwa mkubwa, ukitazama kutoka juu, huku mwanamke aliyevaa nguo nyeupe akiwa amelala au akipiga mayowe chini yake.

Sababu moja ya uchoraji huu ni rangi. Filamu za Universal za wakati huo zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, ilhali bango lilichapwa kwa lithografia ya rangi nyingi. Bango lilikuwa na uwezo ambao filamu haikuwa nao. Ni katika mabango ambapo hadhira iliona ngozi ya kijani ya zimwi la Frankenstein, rangi ambayo skrini ya mwaka 1931 haikuweza kuionyesha lakini ambayo imebaki kuwa alama ya zimwi hilo katika vitabu vya watoto na barakoa hadi leo. Yaani sifa moja mashuhuri ya mhusika huyu haitokani na riwaya ya Mary Shelley, iliyompa ngozi ya manjano, wala haikuonekana katika filamu ya James Whale. Inatokana na kizingiti.

4. Bango linalotangulia filamu

Katika miaka ya 1940 na 1950, uhusiano wa bango na filamu ulipinduka kwa namna ambayo mhakiki hawezi kuipuuza. Mwaka 1942 wakuu wa kampuni ya RKO walimpa mtayarishaji Val Lewton anwani, Cat People, kabla ya kuwapo hadithi yoyote. Lewton na mwelekezaji Jacques Tourneur walitengeneza filamu inayotegemea vivuli na sauti, ambamo mnyama haonekani kwa sehemu kubwa. Bango, kwa upande wake, lilimweka chui mweusi pamoja na mwanamke mbele ya macho ya wote. Filamu ilisitasita, bango halikusitasita. Mtazamaji alilipia chui akapewa kivuli. Kwamba kivuli hicho kilimtisha zaidi ni ushindi wa Lewton, lakini aliyemfikisha mtazamaji ukumbini ni chui.

Kampuni ya American International Pictures, iliyoanzishwa na James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff katikati ya miaka ya 1950, iliifanya hali hii kuwa mbinu ya kazi. Ilibuniwa anwani kwanza, kisha likachorwa bango, mara nyingi na Albert Kallis. Wenye kumbi walipovutiwa ndipo hadithi ikaandikwa. The Beast with a Million Eyes (1955) ni mfano unaojulikana sana. Bango lilionyesha dubwana la kuogofya, ilhali bajeti ya filamu haikutosha kulitengeneza, na hatimaye Paul Blaisdell akaunda kinyago kidogo kilichoonekana kwa muda mfupi tu. Vivyo hivyo, bango la Reynold Brown la Attack of the 50 Foot Woman (1958) linamwonyesha mwanamke mkubwa kuliko majengo akiwa amesimama juu ya barabara kuu, ameshika gari mkononi kama mtoto ashikaye mwanasesere. Tukio hilo halimo katika filamu.

Je, mabango haya ni uongo? Kwa kigezo cha biashara, jibu ni rahisi. Kwa kigezo cha fasihi, jibu lahitaji uangalifu. Mtazamaji wa miaka ya 1950 aliyekwisha kuona mabango ishirini alijua kwamba dubwana la ukutani halitakuwa dubwana la skrini. Alikuwa amejifunza kaida. Methali yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Soko la filamu liligeuza methali hiyo likatoa zimwi ambalo mtazamaji ndiye analijua. Herufi zinazochuruzika kama damu, rangi ya manjano na nyekundu juu ya weusi, mkono unaonyoshwa kutoka gizani, uso ulioachama: vyote hivi vilikuwa msamiati uliomwambia mtazamaji aina ya starehe inayomngoja. Kwa maana hii kaida ilipunguza hofu papo hapo ilipoitangaza.

Udhibiti pia ulichangia. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa ukali kuanzia 1934. Ni kweli kwamba matangazo nayo yaliwekewa kanuni zake mwaka huohuo wa 1930. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba bango lilikuwa huru na filamu ikawa kifungoni. Lakini picha moja isiyosonga inaweza kudokeza tendo bila kulikamilisha. Mkono wa zimwi unaolikaribia bega la mwanamke haulifikii kamwe. Bango lilitumia mwanya huo kwa ustadi.

5. Bango linaloficha

Dalili za mabadiliko zinaonekana katika Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock. Mabango yake yalitumia picha za kamera badala ya mchoro, na hayakuwa na zimwi. Herufi zilizopasuka za anwani zilikuwa zimebuniwa na Tony Palladino kwa ajili ya jalada la riwaya ya Robert Bloch iliyotoka mwaka 1959, kisha zikachukuliwa na watengenezaji wa filamu. Katika herufi hizo ukatili hauonyeshwi kwa picha ya jeraha. Neno lenyewe ndilo lililojeruhiwa. Fauka ya hayo, matangazo ya filamu yalimkataza mtazamaji kuingia baada ya onyesho kuanza, na hivyo siri ikawa ndiyo bidhaa inayouzwa.

Kanuni za zamani zililegea katika muongo huo na kuondolewa mwezi wa Novemba 1968, mahali pake pakawekwa mfumo wa kupanga filamu kwa kuzingatia umri wa watazamaji. Filamu sasa ingeweza kuonyesha damu, mwili na kufuru. Mtu angetarajia bango nalo lifuate mkondo huo. Lililotokea ni kinyume. Bango la Rosemary's Baby (1968), lililosanifiwa na Philip Gips pamoja na Stephen Frankfurt katika miezi ya mwisho ya kanuni hizo, lina uso wa Mia Farrow uliolala chali katika ukungu wa kijani, na kigari cheusi cha mtoto juu ya jabali. Hakuna shetani, hakuna mayowe. Kigari cha mtoto, chombo cha faraja nyumbani, ndicho kinachobeba tisho, na kilichomo ndani hakionekani.

Bango la The Exorcist (1973), kazi ya Bill Gold, linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kasisi amesimama chini ya taa ya barabarani, mkoba mkononi, mgongo ukielekea kwa mtazamaji. Kutoka dirishani kwenye ghorofa ya juu unamshukia mwale wa nuru. Katika ishara za Ukristo nuru ni ya Mungu na giza ni la Ibilisi. Hapa chumba kilichotawaliwa na Ibilisi ndicho kinachotoa nuru, na mtumishi wa Mungu ni umbo jeusi. Filamu inayofuata ina matukio mazito kuliko yote yaliyokuwa yameonekana katika kumbi kubwa za Marekani hadi wakati huo. Bango lake halina hata uso wa mtoto aliyepagawa.

Mkondo huo unaendelea katika Alien (1979), pia kazi ya Gips, ambamo yai linapasuka katika weusi mtupu na kaulimbiu inamkumbusha mtazamaji kwamba ukemi hausikiki angani. Yai la bango halifanani na mayai ya filamu. Ni yai la kawaida zaidi, na ukawaida huo ndio unaosumbua. Katika The Thing (1982), Drew Struzan alichora kwa haraka, bila kuiona filamu, mtu aliyevaa koti la baridi ambaye mahali pa uso wake pana miale ya nuru. Filamu inasimulia kiumbe kisicho na umbo lake mwenyewe, kinachoiga kila kinachokutana nacho. Kwa kukosa habari, mchoraji aliipata dhamira: zimwi halina uso.

Jaws (1975) yaonekana kulipinga dai la makala haya, kwani bango lake linamwonyesha papa waziwazi, kinywa wazi, chini ya mwogeleaji asiyejua lolote. Uchunguzi zaidi unaonyesha kwamba mfano huu unalithibitisha. Mchoro huo wa Roger Kastel ulikuwa jalada la toleo la bei nafuu la riwaya ya Peter Benchley. Katika filamu, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara, na Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa zaidi ya saa moja. Filamu iliposhindwa kuonyesha, jalada lilionyesha kwa niaba yake.

Kuficha nako hakukuchelewa kuwa kaida. Mwaka 1979 Sean Cunningham alichapisha katika jarida la Variety tangazo la Friday the 13th lenye anwani inayovunja kioo, kabla filamu yenyewe haijakuwapo. Mbinu ya miaka ya 1950 ilikuwa hai. Bango lililofuata mwaka 1980 lilikuwa na umbo la muuaji asiye na sura, na ndani ya umbo hilo msitu na vijana. Halloween (1978) ilikuwa imekwisha kuunganisha boga, ngumi na kisu katika picha moja. Zimwi lisiloonekana likawa zimwi linalojulikana.

6. Mwili wa mwanamke kama sarufi ya bango

Kaida moja imevuka vipindi vyote hivi: mwanamke aliyelala au kubebwa. Chimbuko lake ni kongwe kuliko sinema. Mchoro wa Henry Fuseli, The Nightmare, wa mwaka 1781, tayari una mwanamke aliyelala chali na pepo juu ya kifua chake. Frankenstein ya 1931 iliurudia mpangilio huo, na bango la Matthew Peak la A Nightmare on Elm Street (1984) likaurudia tena, mwanamke kitandani na makucha juu yake. Bango la Forbidden Planet (1956) lina roboti aliyembeba mwanamke aliyezirai, ingawa katika filamu roboti huyo ni mtumishi mpole. Kaida ilikuwa na nguvu kuliko hadithi.

Kwa mujibu wa hoja ya Carroll, uso wa mwanamke anayepiga mayowe humfundisha mtazamaji jinsi ya kuhisi. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Mwili wa mwanamke katika mabango haya haufundishi hofu tu. Unauzwa pamoja nayo, na mtazamaji anawekwa mahali pa mhanga na mahali pa zimwi kwa wakati mmoja. Bango la The Silence of the Lambs (1991) linaufichua utata huo. Nondo amefunika kinywa cha mwanamke, na fuvu mgongoni mwa nondo limeundwa kwa miili saba ya wanawake walio uchi, kutokana na picha ambayo Philippe Halsman alipiga pamoja na Salvador Dalí mwaka 1951. Kwa mbali mtazamaji huona mauti. Akikaribia huona wanawake. Bango hili linaitumia kaida na papo hapo linaonyesha imejengwa kwa nini.

7. Ghana: kuonyesha kupita kiasi

Dai la makala haya lafaa lipimwe mbali na Hollywood. Kuanzia miaka ya 1980 wafanyabiashara wa Ghana walizunguka mijini na vijijini wakiwa na televisheni, mashine ya video na jenereta, wakionyesha filamu za Marekani, Hong Kong, India na baadaye za Ghana na Nigeria. Mabango ya karatasi hayakupatikana. Wachoraji kama Joe Mensah na Heavy J walichora kwa rangi za mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, ambayo yaliweza kukunjwa na kubebwa. Mara nyingi mchoraji alikuwa hajaiona filamu anayoitangaza.

Katika vitambaa hivyo hakuna kusitasita. Vichwa vimekatwa, nyoka wametoka vinywani, damu imejaa, na yapo mazimwi ambayo filamu husika haina. Wahakiki wa Ulaya na Marekani, hasa baada ya kitabu cha Ernie Wolfe, Extreme Canvas (2000), waliyasifu kwa ubunifu wao; wengine wameyacheka. Mitazamo yote miwili hupuuza mazingira ya utendaji. Bango hilo lilifanya kazi kama mwito wa fanani kwa hadhira inayopita: lilishindana na kelele za soko, kwa mtu asiyejua jina la mwelekezaji wala sifa ya kampuni. Katika hali hiyo siri haiuziki, kwa sababu siri huhitaji hadhira ambayo imekwisha kupata fununu. Ni hali ileile, kwa kiasi kikubwa, iliyomfanya Albert Kallis achore dubwana lisilokuwapo. Mabango ya kuchapwa na video za nyumbani yalipoenea kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, vitambaa hivi vilipoteza kazi yake sokoni vikahamia kwa wakusanyaji, kama ilivyokuwa kwa mabango ya Universal.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kaida za bango la kutisha hazikutokana na ladha ya wasanii peke yake. Zilitokana na mgawanyo wa kazi kati ya bango na filamu, mgawanyo ulioamuliwa na teknolojia ya rangi, bajeti, udhibiti na ujuzi wa hadhira. Kuonyesha na kuficha ni majibu mawili kwa swali moja.

Swali hilo lina upande wa kimaadili ambao uhakiki wa fani hauwezi kuukwepa. Mwaka 2007 mabango ya filamu Captivity yaliwekwa hadharani mjini Los Angeles na New York, yakimwonyesha mwanamke akitekwa, akifungiwa, akiteswa na kuuawa. Yaliondolewa baada ya wananchi kulalamika, na chombo cha tasnia ya filamu kikasimamisha kwa muda kazi ya kuipangia filamu hiyo daraja la umri. Waliolalamika hawakuwa watazamaji wa filamu. Hapo ndipo tofauti ya msingi kati ya matini hizi mbili inapodhihirika: anayeingia ukumbini ameridhia kutishwa, lakini hakuna anayenunua tiketi ili alione bango. Bango la kusitasita, pamoja na ufundi wake, linauheshimu mpaka huo. Linampa mpita njia haki ya kutoliona zimwi.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nao una la kujifunza. Jalada la Jaws lilikuwa bango, na herufi za Psycho zilitoka katika jalada la riwaya. Kizingiti cha kitabu na kizingiti cha filamu ni jirani. Majalada ya riwaya za Kiswahili yaliyochorwa tangu miaka ya 1960, yakiwa na wachawi, wapelelezi na wanawake waliozirai, yanangoja kusomwa kwa uzito uleule unaopewa kurasa zilizomo ndani yake.